Umependeza juu, huko chini je? Magaga hayataki wembe!

Wiki hii safu yetu inashuka chini, tena chini kabisa, mpaka kwenye visigino. Usicheke! Nasema na wewe uliyeingiza miguu chini ya kiti muda huu huu uliposoma kichwa cha habari.

Hebu tusemezane ukweli. Sista du anateremka kwenye daladala pale Kariakoo. Nywele zimesukwa zikasukika, gauni limemkaa kama alizaliwa nalo, mkoba na viatu rangi moja. Macho ya washkaji yanaanzia kichwani, yanashuka taratibu kama mtu anayesoma gazeti la kuazima, yanafika chini... lahaula! Kisigino kimepasuka utadhani jaruba la mpunga wakati wa kiangazi. Mtu mwenye kisigino cha namna ile ukimpa shuka la hariri alale, asubuhi anaamka na nyuzi.

Na wewe kaka usichekelee pembeni. Wewe mwenzetu unayaficha tu ndani ya soksi na raba. Siku ukialikwa kwa watu ukaambiwa vua viatu karibu kwenye jamvi, ndipo tunapokuona unakalia miguu yako kama mtu anayeficha mali ya wizi.

Basi, tumeshacheka, yatosha. Maana kicheko hiki hiki ndicho kinachomponza mtu. Akishaitwa "miguu ya mbuyu" mara mbili mtaani, anaingia ndani, anafunga mlango, anachukua wembe. Hapo ndipo kasheshe linapoanza. Leo nataka tuelewane jambo moja: magaga hayaondoki kwa ugomvi. Yanaondoka kwa maji kidogo, mafuta mengi na subira. Na kwa baadhi ya watu kosa la siku moja la wembe linaweza kuwagharimu mguu mzima. Si utani, tutafika huko.

MAGAGA SI UCHAFU

Kwanza futa lile wazo kwamba mwenye magaga haogi. Kuna watu wanaoga mara tatu kwa siku na magaga wanayo. Tena wengine wameyapata kwa sababu ya huko kuoga: maji ya moto, sabuni kali ya kufulia, dodoki la nguvu, halafu mafuta wanapaka usoni na mikononi tu. Miguu inaachwa ijitafutie yenyewe.

Sasa shida iko hapa. Ngozi ya unyayo si kama ngozi nyingine. Ndiyo nene kuliko zote mwilini, halafu haina zile tezi ndogo zinazotoa mafuta. Usoni tezi hizo zimejaa, ndiyo maana ikifika saa nane mchana pua inang'aa kama imepakwa samli. Kwenye unyayo hakuna hata moja. Ziko za jasho tu. Kwa hiyo unyayo unategemea jasho lake na mafuta utakayoupaka wewe mwenyewe. Usipoupaka, ndo basi tena, hakuna atakayeusaidia.

Halafu kisigino kina mto wa mafuta ndani yake. Ukisimama, uzito wako wote unaukandamiza ule mto, nao unatanuka kwenda pembeni kama donge la unga unapolibonyeza kwa kiganja. Ngozi laini inatanuka nao, haina neno. Ngozi iliyokauka haitanuki, inachanika. Ndiyo maana ukiangalia utaona nyufa zimekaa pembezoni mwa kisigino, si katikati.

Mwili nao haulali. Ukiona mahali panasuguliwa na kukandamizwa kila siku, unajihami kwa kuongeza ngozi juu ya ngozi mpaka inakuwa sugu. Sugu ikikauka inapasuka. Ukizidi kuikanyagia, ufa unazidi kuchimba mpaka unagusa nyama hai. Hapo damu inatoka, na mtu mzima unatembea kwa kuchechemea kama umechomwa na msumari.

YANAMPATA NANI?

Wa kwanza ni yule anayesimama kutwa nzima. Mama lishe, muuza duka, trafiki, kinyozi, mwalimu. Ukiongeza na unene, kisigino kinabeba mzigo zaidi. Mjamzito naye yumo humo humo, maana uzito umeongezeka ghafla.

Wa pili ni mpenzi wa ndala. Najua ndala ndiyo kiatu cha taifa, na joto letu hili linaeleweka. Lakini kiatu kisicho na ukingo nyuma kinaacha ule mto wa kisigino utanuke unavyotaka, na kila hatua kinapiga kisigino chap! chap! Bodaboda wetu ndo usiseme: ndala, upepo na vumbi kuanzia alfajiri mpaka usiku.

Wa tatu ni mwenye kazi za maji na kemikali. Anayefua kwa sabuni ya unga huku amekanyaga yale maji ya povu pekupeku, visigino vyake vinaoshwa mafuta yote. Fundi saruji naye, yule anayeingia kwenye zege na ndala. Saruji mbichi ina ukali wa magadi, inakausha ngozi na hata kuiunguza. Kaka, gambuti si urembo, ni kinga.

Wa nne ni anayekaa kwenye hewa kavu au baridi. Kuanzia Juni mpaka Agosti, kipupwe kikishika, watu wa Njombe, Mbeya na Arusha wanayajua haya kuliko mimi. Dodoma na Singida upepo mkavu hauombi ruhusa. Sisi wa Dar tunajidai tuna unyevunyevu wa bahari, lakini tuna mchanga, tuna ndala, na mitaa mingi tunaoga maji ya kisima yenye chumvi. Sabuni haitoi povu, basi unaongeza sabuni, unasugua mara mbili. Ngozi nayo inalipa deni.

Na umri ukisogea ngozi inazidi kukauka yenyewe. Kwa hiyo kama bado ni kijana, huu ndio wakati wa kuanza mazoea mema.

WEMBE, MSASA NA MSHUMAA

Sasa tuje kwenye zile dawa za chumbani, unajifungia na kusema leo nayamaliza.

Wembe. Unakata, sugu inatoka vipande vipande, moyo unafurahi. Kwa siku ngapi? Wembe haujui wapi ngozi iliyokufa inaishia na wapi nyama hai inaanzia. Ukipitiliza kidogo tu umetengeneza kidonda kwenye sehemu inayokanyaga ardhi kila dakika, na vumbi letu unalijua. Mlango umeufungua, vijidudu vinaingia, na pepopunda imo katika msafara huo. Halafu hata usipojikata, kama bado unasimama kutwa na ndala zako na mafuta hupaki, mwili unarudisha sugu ile ile. Umekata matawi, mzizi upo.

Msasa wa fundi seremala nao ni hivyo hivyo: unakwaruza vibaya, unaacha ngozi ikiwa na michirizi ya kupasukia upya. Kuna anayelowesha miguu kwenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe eti magaga yang'ae. Hiyo inazidi kuikausha ngozi, na ikiwa kuna ufa utaona nyota mchana. Kuna anayeziba nyufa kwa supaglu, kuna anayedondoshea mshumaa wa moto. Mshumaa unaziba, ni kweli, lakini umeziba na uchafu wote ndani, na wengine wameungua juu ya magaga. Sasa una magonjwa mawili.

Na wewe wa mkorogo, nilikuwa sijakusahau. Ule utani wa zamani wa uso Fanta miguu Coca unaujua. Usijaribu kuyafuata magaga huko chini kwa mkorogo. Ile michanganyiko mara nyingi ina dawa kali zinazoifanya ngozi ya mwili kuwa nyembamba na dhaifu. Haikuumbwa kutibu ufa.

Halafu kuna wale vijana wanaopita mitaani na vikapu vya rangi za kucha, wanakusugua miguu hapo hapo kibarazani. Sisemi uwanyime riziki, wanajituma na bei yao haiumi. Nasema fungua macho. Lile jiwe alilokusugua nalo limetoka kwenye mguu wa nani? Lile beseni? Ule wembe? Fangasi wanahama kwa njia hiyo kutoka mguu mmoja hadi mwingine kama abiria wa kuunganisha gari. Na penye damu kuna makubwa zaidi: kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi na bado kikaambukiza. Saluni ya kiyoyozi nayo isikudanganye kwa kioo chake kikubwa, uliza maswali hayo hayo. Dawa yake ni rahisi: nunua jiwe lako na kitaulo chako, kuwa na beseni lako, mpe kijana afanye kazi kwa vifaa vyako. Akitoa wembe mwambie, "Mdogo wangu, huo rudisha kikapuni."

SASA FANYA HIVI

Haya, kalamu na karatasi. Kazi hii ni ya usiku, umemaliza mizunguko yako yote.

Moja: weka maji ya vuguvugu kwenye beseni, tia sabuni kidogo isiyo kali, lowesha miguu dakika 10 hivi. Vuguvugu nimesema, si maji ya kunyonyolea kuku. Na dakika 10 si saa nzima, maana ukikaa sana majini ngozi inanyonya maji kisha inatoka kavu kuliko mwanzo.

Mbili: chukua jiwe la kusugulia miguu. Bibi zetu walitumia kigae cha chungu, na kazi ilifanyika. Sugua pole pole ngozi ikiwa imelainika. Huchongi mwiko wewe. Ukiona pameanza kuwa pekundu au panawasha, acha. Mara 2 au 3 kwa wiki zinatosha. Lengo si kumaliza sugu yote usiku mmoja, lengo ni kuipunguza kidogo kidogo. Penye ufa unaotoa damu usisugue kabisa. Ukimaliza osha jiwe lako na ulianike likauke.

Tatu: jikaushe kwa kugusagusa na taulo, usisugue. Katikati ya vidole pakaushe vizuri sana, pale ndipo fangasi anapopenda kupanga chumba.

Nne, na hapa ndipo penye siri yote: paka mafuta mara moja, ngozi ikiwa bado ina unyevunyevu, usingoje mpaka ukauke kabisa. Sababu ni kwamba mafuta hayaleti maji, mafuta yanafunga mlango ili maji yaliyomo yasitoke. Ukipaka kwenye kisigino kikavu umefunga mlango wa nyumba tupu.

Mafuta gani? Usianze kutafuta vitu vya bei mbaya. Mafuta ya mgando ya kawaida yanatosha kabisa. Haya si ya juzi: Robert Chesebrough alipewa hataza ya Vaseline huko Marekani mwaka 1872, baada ya kuona wachimba mafuta ya petroli wakijipaka ule utelezi uliokuwa ukinasa kwenye mitambo yao wanapojikata au kuungua. Hayana harufu ya kumlevya mtu, lakini kwa kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi ni mabingwa. Mafuta ya nazi nayo ni mazuri. Glisarini pia ni nzuri, kwa sababu yenyewe inavuta maji. Ichanganye na maji kidogo, paka, kisha funika kwa mafuta ya mgando juu yake. Katikati ya vidole usipake.

Kama magaga yako ni sugu kweli kweli, nenda duka la dawa uulize krimu ya miguu yenye yurea. Yurea inafanya kazi mbili: inavuta maji na inalainisha ile ngozi ngumu. Soma kwenye kopo. Asilimia 10 ni ya ukavu wa kawaida, asilimia 20 mpaka 25 ni ya visigino vilivyoshindikana. Kwenye ufa ulio wazi itakuwasha kama pilipili, kwa hiyo subiri ufunge kwanza. Na tafadhali sana, mtoto wa mkulima nakujua, usiende kuchota yurea ya shambani. Ile ni mbolea ya mahindi. Jina moja, kazi mbalimbali.

Tano: vaa soksi za pamba ulale nazo. Najua utasema, "Dar hii na joto hili, soksi?" Haya, vaa wakati unaangalia tamthilia, hata saa mbili ni bora kuliko bure. Ila usitembee na miguu ya mafuta kwenye vigae vya sakafu, tusije tukaacha habari ya magaga tukaingia ya nyonga.

Asubuhi paka tena kidogo kabla ya kuvaa viatu. Mafuta ni kila siku, jiwe ni mara 2 au 3 kwa wiki. Usikosee ukageuza.

Utaona nini? Siku chache za mwanzo ule mkwaruzo unapungua. Wiki ya pili nyufa ndogo zinaanza kujifunga. Visigino vilivyokaa miaka vinaweza kuchukua mwezi au zaidi, maana ngozi nene inahitaji muda kujibadilisha. Na ukishapona usiache! Magaga ni kama mdai, yanajua njia ya kurudi.

Watu wa pwani hili wanalielewa siku nyingi. Bi harusi hasuguliwi asubuhi ya harusi. Anawekwa ndani kwa siku kadhaa, somo wake anamsinga kwa singo, anapakwa liwa, siku baada ya siku mpaka mwili uitikie. Wewe unataka send-off iwe Jumamosi na magaga ya miaka mitano yatoke Ijumaa jioni. Acha hizo.

UFA UKISHACHIMBA

Kama ufa umefika kwenye nyama, weka jiwe pembeni. Osha kwa maji safi na sabuni, kausha, paka mafuta ya mgando, funika kwa plasta au kitambaa safi cha hospitali, badilisha kila siku. Vaa kiatu kinachoshika kisigino, na ukipata nafasi ya kukaa, kaa.

Ukiona panavimba, pana joto, panatoa usaha, panauma usiku, au kuna mstari mwekundu unapanda mguuni, au homa, usimpigie simu shangazi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ukifika uliza kuhusu sindano ya pepopunda kama hukumbuki ya mwisho ulichomwa lini.

SI KILA MAGAGA NI MAGAGA

Kuna watu wamepaka mafuta mwezi mzima na hali iko pale pale. Hapo tuwe wapelelezi kidogo.

Kama unyayo mzima umekuwa mkavu, unatoa ungaunga mweupe kwenye mistari, vidole vinawasha katikati na kucha zimekuwa nene na za njano, huyo huenda ni fangasi. Mafuta matupu hayamtishi. Anataka dawa yake, kama krimu ya klotrimazoli au mafuta ya Whitfield ambayo zahanati nyingi zinayajua. Paka kwa muda wote utakaoambiwa, usiache siku ya nne kwa sababu kuwasha kumekwisha. Na soksi fua, raba anika juani.

Kama kuna mabaka mekundu yenye magamba, na mengine yako kwenye viwiko na magoti, inaweza kuwa soriasisi. Pumu ya ngozi nayo inapasua miguu. Na kama ngozi ya mwili mzima imekauka, unachoka bila sababu, unahisi baridi wenzako wakitokwa jasho, na unanenepa huku huli sana, mwone daktari akupime tezi ya shingo. Mguu wakati mwingine ni kengele tu, moto uko kwingine.

KISUKARI: HAPA HAKUNA UTANI

Sasa nisikilize vizuri, maana hii ndiyo sababu hasa ya kuandika leo.

Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka, inaharibu mishipa ya fahamu, na ya miguuni ndiyo inayoanza. Yanatokea mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, mguu unaacha kutoa jasho. Nilikwambia unyayo hauna mafuta yake, unategemea jasho. Jasho likikatika unakauka, unapasuka. La pili, mguu unakufa ganzi. Kwa hiyo mtu anapata ufa halafu hausikii. Anaukanyagia wiki nzima, mpaka siku anapoona damu kwenye shuka au anasikia harufu. Na kama damu nayo haifiki vizuri mguuni, kidonda hakiponi. Vidonda vya aina hii ni kati ya sababu kubwa duniani za watu kukatwa miguu, ukiacha ajali.

Unadhani natia chumvi kuhusu ganzi? Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika katika jarida la kitabibu juu ya wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya wakiwa wamelala. Panya! Mtu analiwa kidole na hasikii. Sasa mtu huyo ukimpa wembe na magaga, atajuaje amefika wapi?

Kwa hiyo mwenye kisukari ana sheria zake. Hakuna wembe, hakuna dawa ya kuunguza sugu, hakuna kulowesha miguu muda mrefu, na jiwe asilitumie bila kumwuliza nesi. Maji yapimwe kwa kiwiko au na mtu mwingine, si kwa mguu, maana mguu unadanganya. Mafuta kila siku, isipokuwa katikati ya vidole. Pekupeku marufuku, hata ndani ya nyumba. Kiatu kikung'utwe kabla ya kuvaliwa, kokoto moja inatosha kuleta msiba. Na miguu ikaguliwe kila jioni, juu na chini. Ufa wowote, lengelenge lolote, ni safari ya kliniki, si ya duka la dawa. Kliniki za kisukari zipo kwenye hospitali nyingi za mikoa, na tangu katikati ya miaka ya 2000 kulikuwa na mradi ulioitwa Step by Step uliofundisha madaktari na manesi wa Tanzania kutunza miguu ya wenye kisukari ili isikatwe. Maana yake inawezekana. Mguu ukiwahiwa unaokolewa.

Na hapa ndipo unapoingia wewe kijana unayesoma gazeti hili ndani ya mwendokasi. Utasema mimi sina kisukari, nina miaka 22. Sawa. Mama je? Mzee? Mtu mzima hawezi kuinama akaona chini ya kisigino chake, na macho yenyewe yamechoka. Magaga anayaita uzee, au anasema, "Aah mwanangu, hii miguu imelima." Anaona aibu kukuonyesha, kwa sababu na yeye amesikia tunavyocheka.

Jumapili ukienda kumsalimia, shikamoo yake mpe, soda kunywa, halafu mwambie, "Mama, hebu nipe miguu niione." Atakataa, atasema mchafu, ataifunika kwa khanga. Usikubali. Weka kwenye paja lako, angalia kisigino, angalia kati ya vidole, bonyeza kidogo umwulize anasikia au hasikii. Kisha mpake mafuta. Kama hajawahi kupima sukari na miguu ina ganzi, Jumatatu mpeleke. Kazi ya dakika 5 hiyo, na kopo la mafuta ya mgando linauzwa mpaka kwa Mangi hapo kona.

Haya mpenzi msomaji, nafasi imekwisha. Wembe rudisha ulikoutoa, beseni toa uvunguni. Wiki ijayo Mungu akipenda tunapanda juu kidogo, tunazungumzia kwapa na lile jasho linalowaamsha abiria. Mpaka hapo, tunza visigino, na ukimwona mwenye magaga usicheke. Mpe gazeti asome.